Dawa ya Wadudu

Nabwire mwanangu,

Kutoka hapa Busia mpaka chini ya lile jiwe la Tororo hajazaliwa mtu mwenye mdomo kama wa baba yako. Usicheke. Lugha saba ninazo, na ya nane bado naitongoza. Nimewahi kutafsiri hotuba ya mkubwa mmoja kutoka Kampala kabla hajaisema. Alikuwa bado anapapasa mfukoni kutafuta miwani, mimi nimeshawaambia watu habari za umoja, jembe na choo, wanaume wamepiga makofi, akina mama wamepiga vigelegele, na yeye aliposimama akakuta mkutano umekwisha. Alinipa mkono. Alisema hajawahi kuona watu wanaoelewa haraka namna hiyo.

Na hayo yote kwa darasa la sita, ambalo nalo sikulimaliza. Wenzangu waliomaliza wanabeba mifuko ya saruji. Mimi nilipewa baiskeli ya serikali, kofia ngumu, na jina. Ukiuliza njiani nyumba ya Wandera watu walikuwa wanakuuliza Wandera gani. Ukisema Mkalimani, hata mbwa walikuonyesha.

Sasa hivi umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele. Mama yako anapiga pasi magauni yako na kunitazama kila baada ya kola moja, kuona kama kalamu inatembea. Nilitaka kukuambia haya kesho asubuhi, tukisubiri basi la Tororo. Alikataa. Akaniambia, "Wandera, mdomo wako umezoea kukimbia. Andika. Labda mkono utatulia." Unamjua mama yako. Huyu mwanamke nilimtoa ng'ambo ya Kenya kwa maneno matupu, na tangu siku ile hajaniamini tena.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutokubali kubebwa kwenye baiskeli na watu usiowajua ameshakuimbia wiki nzima, siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na lazima niwe nimelimaliza kabla hujarudi na hizo nywele.

Jumapili tulipokuwa tunakula samaki ulikuwa unatusomea daftari lako la chuo. Nilikuwa nimekaa kama chifu, najivuna. Binti yangu wa kwanza, Bibi Maendeleo, anasoma mwandiko wake mwenyewe. Ukafika kwenye ukurasa wenye habari ya mama mmoja wa Kwapa. Ulisoma kwamba alifundishwa matumizi ya dawa ya pamba, hakusikiliza, akamnywesha mtoto wake, na mtoto akafa. Mwalimu wenu aliwapa habari hiyo ili mjue ugumu wa watu wa vijijini. Ulicheka kidogo. Si kwa ubaya, ulicheka kama mtu anayeshangaa. Kisha ukaniuliza kama nilimjua mama huyo, maana si ndiko nilikokuwa nafanya kazi. Nikakuambia samaki ana miba, angalia.

Namjua. Anaitwa Asio. Keshokutwa utasimama mbele ya kikundi cha akina mama wa Kwapa, na nasikia yeye hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Utamtafuta kwa macho, nakujua. Ukimtazama kwa ule ukurasa wa daftari utakuwa unamkosea kwa niaba yangu. Ndiyo sababu naandika, na naandika kwa Kiswahili ingawa nyumbani twasema Kisamia, kwa kuwa niliharibu kwa Kiswahili.

Lakini acha nianzie Buhehe kwanza. Najua nachelewesha. Mama yako naye amejua, amekohoa.

Buhehe tulikwenda na Bwana Afya, kijana msafi sana, soksi mpaka magotini. Alitaka kila boma lichimbe choo kimoja. Kimoja, alisema, na alinionyesha kidole kimoja nisikosee. Wewe ni mtoto wa huku, hata kabla hujaota meno ulijua kwamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja. Mimi nilijua. Yeye hakujua. Ningemwambia vichimbwe viwili, au kila nyumba na chake, angekubali, hakuwa mtu mbaya. Lakini jua lilikuwa kali, na kwa mkuu wa kijiji kulikuwa na kuku aliyekuwa ananukia vizuri kuliko ukweli. Nikatafsiri kidole kimoja kama kilivyo, tukaenda kula.

Tuliporudi baada ya miezi mitatu, mzee mmoja anaitwa Egesa alikuwa na choo kizuri kuliko nyumba yake. Mlango wa mbao, paa jipya. Bwana Afya akafungua mlango kwa furaha, akatazamana na kuku watano wanaoatamia. Akaniambia nimuulize mzee maana yake nini. Mzee Egesa alinijibu kwa Kisamia, bila haraka, mikono mgongoni:

"Mwambie huyu mtoto wako hivi. Mke wa mwanangu anatoka, mimi naingia, tunakutana hapo mlangoni nimeshika majani mkononi. Tusalimiane tuseme nini?"

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Bwana Afya akataka kujua amesema nini. Nikamwambia mzee anasema kuku hutaga vizuri gizani. Akaandika. Mzee Egesa akacheka pamoja nami, akidhani nimefikisha maneno yake. Bwana Afya naye akatabasamu, akidhani amejibiwa. Kila mtu alirudi kwake ameridhika.

Mvua ziliposhuka mwaka ule, kuhara kulipita Buhehe nyumba hadi nyumba. Vyoo vyote vilikuwa na kuku. Mke wa mwana wa mzee Egesa, yule ambaye mzee hakutaka kukutana naye mlangoni, alizikwa pamoja na mtoto aliyekuwa bado ananyonya.

Siku ile ya kuku nilijifunza kitu, na sikujifunza kile nilichopaswa kujifunza. Nilijifunza kwamba anayesema hajui nilichofikisha, na anayesikia hajui nilichoacha. Katikati niko peke yangu. Nilipaswa kupaogopa mahali kama hapo. Mimi nilipaona ni kiti cha enzi.

Utakuwa na mtu kama mimi kazini, Nabwire. Atakuwa mcheshi, watu watampenda, mikutano yako itakuwa mitamu. Akicheka na watu muulize wanacheka nini. Akikujibu haraka, muulize tena.

Haya, Kwapa.

Kiteso changu, ambacho nakihesabu katika zile saba, ni Kiteso cha sokoni. Bei ya mbuzi, salamu, na matusi matano mazuri sana. Kwa mkutano hakitoshi. Lakini watu wa Kwapa wanafika Malaba kila siku ya soko, wana kile Kiswahili cha mpakani, kwa hiyo tulikuwa tunaelewana, au tunadhani tunaelewana.

Kwanza nilikwenda na bibi mmoja wa afya, na picha zake zilizochorwa kwenye kitambaa. Somo lilikuwa matumbo ya watoto. Alionyesha picha ya minyoo, na mimi nikasema wadudu, maana ndivyo tunavyosema wote, mtoto ana wadudu tumboni. Nilisema vizuri. Niliiga tumbo, niliiga mdudu, watu walifurahi. Asio alikuwa amekaa mstari wa mbele na mtoto wake wa kiume, Ekisa, labda miaka mitatu, tumbo kama ngoma. Nikamuuliza kama mtoto amemeza mtungi. Alicheka, akaficha uso kwa leso, akanijibu kwamba kosa ni la toto, analisha kupita kiasi. Kwa Kiteso toto ni mama. Alikuwa anajisema mwenyewe. Bibi wa afya alisikia toto akadhani ni mtoto mwingine, akaandika kwamba ana watoto wawili. Sikumsahihisha. Kitu kidogo tu, niliona kinachekesha.

Alikuwa na mmoja. Wengine wawili walikuwa wamekufa kabla ya huyo.

Baada ya mkutano alinifuata kwenye baiskeli kuuliza dawa ya wadudu hao inapatikana wapi. Hakuna mwingine aliyeuliza. Nikamwambia aende Tororo. Akaenda kwa miguu, mtoto mgongoni, akaambiwa dawa imekwisha, arudi. Akarudi tena, wakamwambia bado. Hayo alinisimulia mwenyewe siku nilipompita barabarani akitoka huko, na nilimhurumia, nikampa pole, nikapiga kengele nikaenda zangu.

Wiki mbili baada ya somo la minyoo nilirudi Kwapa na Bwana Shamba. Yeye alikuwa na pampu ya mgongoni na makopo ya dawa ya kupulizia pamba. Uhuru ulikuwa bado mpya, kila mtu alitakiwa alime pamba zaidi, na Bwana Shamba alikuwa ametumwa ahakikishe makopo yanarudi matupu. Alinieleza kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba hii ni sumu, niwaambie ni sumu, wasiguse kwa mikono, wasiweke karibu na chakula. Nikawaambia. Hicho ni kijiji cha kwanza cha Kwapa, asubuhi. Nikasema sumu.

Wewe umekulia huku. Unajua neno hilo likitajwa watu wanavyotazamana. Nani atabeba sumu hadharani aipeleke kwake, halafu wiki ijayo jirani aumwe tumbo? Waliinuka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka wameacha chungu motoni. Tulibaki na makopo yetu na mbuzi mmoja. Bwana Shamba alinuna njia nzima, akasema labda wanahitaji mkalimani mwenye elimu zaidi.

Hilo liliniuma. Nikasema moyoni, ngoja aone darasa la sita.

Kijiji cha pili, kwao Asio, nikasema dawa. Dawa ya wadudu. Nabwire, ungeona walivyokuja. Walileta chupa, vibuyu, mikebe ya chai. Bwana Shamba alikuwa anamimina, anacheka, ananigonga bega. Asio alikuwa mbele tena, palepale, mtoto mgongoni. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hii dawa naua wadudu yote?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni wadudu wa pamba, mama. Maneno matatu. Lakini watu walikuwa wengi, walikuwa wangu, wananisubiri nichekeshe. Na kweli kuna mdudu wa pamba anayetoboa tumba na kukaa ndani, hivyo jibu lilikuja lenyewe.

"Yote, mama. Hata ile najificha ndani kabisa, hii nafuata huko huko."

Wakacheka. Asio hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Bwana Shamba aliniuliza wanafurahia nini, nikamwambia wanaipenda dawa.

Asubuhi ya tatu mwanamume mmoja alinifuata Malaba, nilikokuwa nimelala kwa rafiki. Alinifuata mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye dawa. Nilipofika kwa Asio nilimkuta amemshika Ekisa mapajani, na mtoto alikuwa anatetemeka mwili mzima, vidole, kope, kila kitu. Kikombe kilikuwa pale kwenye mkeka. Ile dawa ukiitia maji inakuwa nyeupe kama maziwa. Alikuwa amempa kijiko kimoja kwa uangalifu, kama alivyosikia kwamba watoto hupewa kijiko.

Niliwapakia wote wawili kwenye baiskeli ya serikali. Njiani mtoto alikuwa anaita, "Toto, toto," na kila akiita Asio alimwitikia nyuma yangu kwa sauti ndogo, yupo, yupo. Lile jiwe la Tororo lilikuwa limeshaonekana mbele yetu. Kuna mahali mtoto aliacha kuita. Asio aliendelea kuitikia. Mimi niliendelea kukanyaga, sikugeuza shingo.

Hakuna mama aliyesikiliza kuliko yule, Nabwire. Huo ndio msiba wenyewe. Wengine walisikiliza nusu, wakaiacha chupa juu ya dari, watoto wao wanaishi. Yeye alichukua somo la bibi wa afya na somo la Bwana Shamba, akayaunganisha, na yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja.

Baadaye mumewe alimrudisha kwao. Sasa anaishi kwa kaka yake, kibanda cha nyuma. Na sisi wa maendeleo tukamgeuza kuwa somo. Kila mkutano wa dawa ulikuwa unaanza kwa kusema msiwe kama yule mama wa Kwapa asiyesikiliza, na mimi nilikuwa naitafsiri sentensi hiyo kwa lugha zangu zote. Niliitafsiri Buhehe, niliitafsiri hapa Busia. Siku moja niliitafsiri Kwapa kwenyewe, na yeye alikuwepo, karibu na njia, amebeba kuni. Hakusimama wala hakuharakisha.

Nilikuambia niliacha kazi kwa sababu ya goti. Goti ni zima. Mtu anayetengeneza baiskeli za watu wa mpakani anainama na kuinuka kutwa nzima, mwenye goti bovu angewezaje? Wewe hukuuliza kwa sababu ulikuwa mdogo, na mama yako hakuuliza kwa sababu nilikuwa nalia usingizini na aliogopa jibu. Alilipata leo mchana, kabla ya kunikalisha hapa. Amekunja gauni lako la bluu mara nne.

Nilidhani mambo haya yamekaa nyuma yangu. Kumbe yalikwenda chuoni, yakaandikwa ubaoni, yakarudi nyumbani kwangu kwa mwandiko wa mtoto wangu, nikayasikia nikiwa na samaki mdomoni.

Sikuombi umwombe Asio radhi kwa niaba yangu. Ya kwangu nitakwenda kuisema mwenyewe, mama yako amesema ni Jumamosi hii na atanisindikiza, kwa hiyo kutoroka hakuna. Wala usimwambie wewe ni wangu siku ya kwanza; mwache akuone kwanza kama mtu. Ila ukimaliza kufundisha, nenda ukakae naye nyuma, karibu na mlango. Muulize ulichosema amekisikiaje. Atakuambia vizuri kuliko wote. Kisha umjibu hata kama hakuna atakayecheka.

Na ule ukurasa wa daftari usiuchane. Uache, uandike pembeni maneno aliyoyasema yeye. Nakupa hapa kama yalivyo, maana tulioyasikia tulikuwa watatu, na mmoja hakuyaelewa.

Ilikuwa kwenye ofisi ya serikali, pale gombolola, wiki moja baada ya mazishi. Alikuja afisa kutoka juu, mtu wa Kiingereza na Kiganda, aliyekuwa akisema Kiswahili ni lugha ya askari. Alikuwa na fomu. Bwana Shamba alikuwa nje, anavuta sigara, anatembea huku na huku, maana alijua ni nani aliyepewa kazi ya kusema ni sumu, lakini hakujua kama nilisema. Asio alikaa kwenye benchi, mikono imelala mapajani na haina mtu wa kushika. Afisa akaniambia nimuulize mambo mawili: siku ya mafunzo alikuwepo, na alisikia alichoambiwa?

Nikamuuliza. Hakumtazama afisa. Alinitazama mimi, akasema polepole kwa Kiswahili nisije nikajifanya sijaelewa:

"Mimi nakaa mbele. Mimi nasikia neno yote. Wewe nasema dawa."

Kalamu ya afisa ilikuwa juu ya karatasi, inasubiri. Hakuna aliyenishika shati, Nabwire, wala hakuna aliyenitisha. Nilimgeukia afisa, mimi Mkalimani, mwenye lugha saba, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasa la sita kwamba mama anasema hakusikiliza.